Kidakuzi, Faragha na Ridhaa: Historia Fupi ya Maneno ya Mlangoni pa Tovuti

Kila afunguaye tovuti siku hizi hupokewa mlangoni na kijisanduku chenye maneno machache: kwamba tovuti hiyo inatumia vidakuzi, kwamba inaiheshimu faragha ya mgeni wake, na kwamba mgeni huyo abonyeze neno "Nakubali" ili aendelee. Nyuma ya kijisanduku hicho upo waraka mrefu uitwao sera ya faragha na vidakuzi. Wausomao ni wachache, lakini waubonyezeao ni wengi mno. Sisi tunaoshughulika na istilahi tumeombwa mara kadhaa kuutazama waraka wa namna hii kabla haujatangazwa, na kila mara tumejikuta tukibishana zaidi juu ya maneno kuliko juu ya sheria. Katika makala haya twataka kueleza maneno hayo yalikotoka. Tumeona kwamba mwandishi asiyejua historia ya maneno hayo huishia kumwomba msomaji ruhusa ya jambo ambalo hakumweleza.

Tuanze na kidakuzi, kwa kuwa ndicho kinachowasumbua zaidi watafsiri.

Mwaka 1994 kampuni ya Netscape ya California, Marekani, ilikuwa ikitayarisha kivinjari chake cha kwanza. Kurasa za mtandao wakati huo zilikuwa na kasoro moja ya maumbile, nayo ni kukosa kumbukumbu. Kila mara kivinjari kilipoomba ukurasa, seva iliutoa ukurasa huo na kumsahau mwombaji papo hapo. Ilikuwa kama kununua kwa mwenye duka ambaye, kila akigeukia rafu kupima sukari, akirudi hukuuliza upya wewe ni nani na wataka nini. Kampuni ya simu ya MCI ilitaka kuuza bidhaa mtandaoni, lakini haikupenda mitambo yake ibebe hesabu za kila mteja aliyeanza kununua akaachia njiani. Mhandisi wa Netscape, Lou Montulli, ndiye aliyepata ufumbuzi. Seva ingekipa kivinjari kijineno kifupi cha herufi na tarakimu, kivinjari kingekihifadhi ndani ya kompyuta ya mtumiaji, na kila kikirudi kwenye seva ile ile kingekirudisha bila kukigeuza. Mfano wake twauona katika maduka makubwa ya mijini. Mteja huacha mfuko wake mlangoni, akapewa kibao chenye namba. Namba hiyo haimwelezi mteja chochote, bali mlinzi akiiona hujua mara moja mfuko ni upi.

Jina la kitu hicho Montulli hakulibuni. Waandishi wa programu za mfumo wa Unix walikuwa na msemo wao wa mzaha, ambao kwa maana ya neno kwa neno ni "biskuti ya kimazingaombwe". Waliutumia kwa kipande cha data ambacho programu moja huipa nyingine, na hiyo ya pili hukirudisha kama kilivyo bila kujua kilichomo ndani. Netscape wakaacha mazingaombwe, wakabaki na biskuti. Kazi ya kwanza ya kitu hicho ilikuwa ya kitoto kabisa, yaani kutambua kama mtu aliyefungua tovuti ya Netscape amewahi kuifungua kabla.

Hadi hapo hapakuwa na ubaya. Lakini yafaa msomaji atazame jinsi jina lilivyotangulia kufanya kazi yake. Watumiaji wa vivinjari vya mwanzo hawakuulizwa wala kuarifiwa. Biskuti ziliwekwa katika kompyuta zao kimya kimya. Habari zilienea kwa umma mwezi Februari 1996, gazeti la Financial Times la Uingereza lilipoandika juu ya jambo hilo, na mwaka huo huo Tume ya Biashara ya Marekani ikaanza kulisikiliza. Mwezi Februari 1997 ulitoka waraka wa viwango vya intaneti wenye namba 2109, ambao ulishauri kwamba biskuti zitokazo kwa watu wa nje zisipokelewe na kivinjari isipokuwa mtumiaji mwenyewe atake. Watengenezaji wa vivinjari viwili vikubwa vya siku hizo hawakuufuata ushauri huo.

Hao watu wa nje ni akina nani? Hapa ndipo kibao cha mlangoni kinapogeuka kuwa kitu kingine. Ukurasa wa gazeti mtandaoni hauletwi wote na seva ya gazeti hilo. Picha ya tangazo la biashara iliyomo ndani yake yaweza kuletwa na kampuni nyingine, na kampuni hiyo ikileta picha hupata nafasi ya kuacha kibao chake. Ikiwa ina picha katika tovuti elfu moja, basi itakitambua kibao hicho hicho katika tovuti zote elfu moja, nayo itajua kwamba msomaji wa habari za mpira asubuhi ndiye aliyetafuta dawa ya kisukari jioni. Kampuni ya DoubleClick ya Marekani ndiyo iliyosifika kwa kazi hiyo katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita. Mwaka 1999 iliinunua Abacus Direct, kampuni iliyokuwa na kumbukumbu za ununuzi wa kaya nyingi za Marekani pamoja na majina yao, ikakusudia kuziunganisha na vibao vyake visivyokuwa na majina. Watu wakapiga kelele, na Machi 2000 ikaahirisha mpango huo. Mwaka 2008 Google ilikamilisha kuinunua DoubleClick yenyewe.

Neno lilipofika kwetu, basi, lilikuwa limekwisha kubeba mzigo huo wote chini ya jina la kitu kitamu. Waswahili walikuwa na njia tatu mbele yao.

Njia ya kwanza ni kutafsiri maana ya kamusi, yaani biskuti. Hii haikufika mbali, na si ajabu. Mzaha wa waandishi wa programu wa Marekani hauchekeshi Mombasa wala Tabora. Zaidi ya hayo, Kiingereza kilichoingia Afrika ya Mashariki kilikuwa cha Waingereza, nao hula biskuti kwa jina lake hilo. Neno la Kimarekani cookie halikuwa na harufu ya jikoni hata kwa wale wetu waliosoma Kiingereza. Njia ya pili ni kulitohoa, na ndiyo iliyotupa kuki. Neno hili ni fupi, latamkika, na tovuti nyingi hulitumia. Lawama tunayolipa ni moja tu, nayo ni kubwa: halimwambii msomaji lolote. Kwa Mmarekani jina lilikuwa tamu na la kupotosha; kwa Mswahili kuki halina utamu wala uchungu. Msomaji hulipita kama apitavyo namba ya fomu.

Njia ya tatu ilitupa kidakuzi, na Google ni miongoni mwa walioitumia katika kurasa zao za Kiswahili. Neno hili laweza kusomwa kwa njia mbili. Mtu akilitazama juu juu ataona ndani yake kitenzi daka, yaani kupokea kitu kikiwa hewani, nayo si maana mbaya kwa kitu kinachotupwa na seva na kudakwa na kivinjari. Lakini sikio la Mswahili halisikii daka peke yake. Lasikia mdakuzi, ambaye kamusi zetu zimemweleza kuwa mtu apendaye kupeleleza mambo ya watu na kuyaeneza. Lasikia udaku, neno ambalo Tanzania nzima hulijua kwa sababu ya magazeti yaliyopewa jina hilo. Ukiongeza kiambishi ki- cha udogo wapata mdakuzi mdogo aketiye ndani ya simu ya mtu. Tena jirani yake ni kivinjari, ambacho asili yake ni vinjari, kitenzi kilichotumika kwa chombo kinachozunguka baharini kikilinda au kupeleleza. Haya maneno mawili yamekaa pamoja kama ndugu.

Wapo wenzetu wasiolipenda. Husema kwamba neno hili limekihukumu kitu kabla ya kukisikiliza, kwa kuwa vipo vidakuzi vinavyokumbuka tu kwamba msomaji alichagua Kiswahili badala ya Kifaransa, na kuviita vidakuzi ni kumwita bawabu mwizi. Hoja hii ina uzito, na katika vikao vyetu haijapata kumalizwa. Lakini sisi twaegemea upande wa kidakuzi kwa sababu ya kazi. Mwandishi wa sera anayetumia kuki hana la kujibu, maana hakuna aliyemwuliza. Anayetumia kidakuzi analazimishwa na neno lenyewe kueleza: huyu anadakua nini, kwa faida ya nani, na ataondoka lini. Hayo matatu ndiyo hasa ambayo sheria humtaka ayaeleze. Istilahi inayomlazimisha mwandishi kusema kweli haipasi kutupwa kwa sababu inamwaibisha.

Tugeukie sasa jina la waraka wenyewe. Leo twasema sera ya faragha, na vijana hudhani neno sera limekuwapo siku zote kwa maana hii. Sivyo. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilichapishwa likiwa na maneno Siasa ya TANU juu ya Ujamaa na Kujitegemea, na katika miaka iliyofuata siasa ndiyo iliyobeba maana zote mbili, ya mashindano ya uongozi na ya mwongozo uliokubaliwa. Baadaye sera ikajitenga na kuchukua ile ya pili. Kama tovuti zingalikuwapo mwaka 1967, pengine tungaliandika "siasa ya faragha", na leo tungalikuwa tunacheka. Hata hivyo sera haikai vizuri hapa. Sera ni msimamo wa taasisi juu ya mambo yake yenyewe. Yaweza kukaa katika jalada la ofisi pasipo mtu wa nje kuisoma, na isiwe imepungukiwa. Waraka wa mlangoni pa tovuti umeandikwa kwa ajili ya mtu wa nje, ili ajue kabla hajaguswa. Sisi twaona tangazo la faragha ni jina la kweli zaidi, ingawa hatuna tamaa kubwa ya kuishinda sera ambayo imekwisha kuzoeleka.

Na faragha je? Neno hili asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya utupu na kuwa na nafasi. Pwani lilikuwa neno la mahali na hali: watu huzungumza faragha, humwita mtu faraghani. Haki ya faragha kama sheria ilikuja kwa njia nyingine. Wanasheria wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, waliiandikia makala mashuhuri mwaka 1890, wakichochewa na magazeti na kamera zilizokuwa zimeanza kuingia majumbani mwa watu. Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948 likaitia katika kifungu cha 12. Jimbo la Hesse, Ujerumani, likatunga mwaka 1970 sheria ya kwanza ya kulinda data, na Sweden ikafuata kwa taifa zima mwaka 1973. Kwetu Tanzania Haki za Binadamu ziliingizwa katika Katiba kwa Sheria Na. 15 ya mwaka 1984. Mwanaistilahi akiisoma ibara ya 16 ataona jambo la kupendeza: kichwa cha habari cha pembeni chataja faragha, lakini maneno ya ibara yenyewe yataja maisha binafsi na mawasiliano binafsi. Waandishi wa Katiba walikuwa na maneno mawili mkononi, na hawakuona sababu ya kuchagua moja. Kenya iliiweka haki hiyo katika kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010.

Lipo neno la tatu ambalo halikuitwa katika sheria hizi, nalo ni sitara. Faragha ni kujitenga kwa mtu mwenyewe, ilhali sitara ni kufunikwa na mwenzako aliyekwisha kukuona. Ukiusoma waraka wa tovuti kwa makini utaona kwamba mengi yaahidiwayo humo kwa jina la faragha ni sitara. Kampuni yaahidi kutouza, kutofichua, kufuta baada ya muda. Zote hizo ni ahadi za mtu aliyekwisha kujua. Hatupendekezi neno hilo litiwe katika sheria, lakini mwandishi wa waraka angejiuliza kila aya yake yaahidi lipi kati ya hayo mawili. Kusema "hatutakuuliza jina lako" na kusema "hatutamwambia mtu jina lako" ni ahadi mbili, na msomaji ana haki ya kujua amepewa ipi.

Istilahi za sheria mpya zinahitaji uangalifu wa namna hiyo hiyo. Kenya ilitunga sheria yake ya ulinzi wa data mwaka 2019. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mkataba wa Umoja wa Afrika uliofikiwa Malabo mwaka 2014 nao ulipata nguvu mwezi Juni 2023. Upande mmoja wa mpaka, basi, twasema data, upande wa pili taarifa, na hilo halituogopeshi sana; yametukuta makubwa zaidi katika tarakilishi na kompyuta. Tunachohofia ni neno binafsi. Tumezoea shule binafsi na sekta binafsi, na tumezoea "hilo ni jambo langu binafsi" kwa maana ya siri. Basi mwenye tovuti husema: namba ya simu ya mteja inajulikana mtaa mzima, si siri, kwa hiyo si taarifa binafsi. Amekosea. Katika sheria hizi binafsi haina maana ya siri. Maana yake ni kwamba taarifa hiyo yamhusu mtu anayeweza kutambulika. Jina lako ni taarifa binafsi hata kama limeandikwa juu ya mlango wa duka lako. Waraka wa tovuti ungefanya vyema kulisema hilo katika sentensi ya kwanza.

Mkusanyaji ni mfano mwingine. Tanzania hutumia mkusanyaji kwa yule ambaye Kiingereza cha sheria humwita mwenye udhibiti, yaani aamuaye taarifa zichukuliwe kwa kusudi gani na kwa njia gani. Na mchakataji kwa yule azishughulikiaye kwa niaba yake. Mchakataji ni neno zuri. Mkusanyaji, kwa maoni yetu, limepunguza uzito. Kukusanya ni kazi ya mikono. Mwenye kampuni aliyeagiza taarifa zikusanywe na wengine aweza kusema, na kwa Kiswahili cha kawaida akaonekana msema kweli, kwamba yeye hakukusanya kitu. Sheria haimwachilii kwa hilo, lakini msomaji wa waraka aweza kumwachilia. Kwa kuwa neno limekwisha kukaa katika sheria tunalitumia. Tunachoshauri ni kwamba waraka umtaje mkusanyaji kwa jina na kuongeza kwamba ndiye aliyeamua.

Tumefika kwenye neno ambalo lote lililotangulia lategemea, yaani ridhaa.

Kiswahili kina utajiri hapa kuliko Kiingereza, na utajiri huo umetumika vibaya. Ruhusa huombwa kwa mkubwa. Idhini hutoka juu, kama idhini ya Waziri. Kibali aghalabu ni karatasi. Kukubali ni neno pana mno. Mshtakiwa hukubali kosa, aliyeshindwa hukubali matokeo, na wote wawili wamekubali kwa sababu hawana njia nyingine. Ridhaa peke yake ndiyo itokayo moyoni mwa mtu aliyejua na akataka. Sasa tazama kitufe cha tovuti: kimeandikwa "Nakubali". Kwa bahati mbaya kimesema kweli. Msomaji amekubali kama mtu akubaliavyo mvua.

Nani anamwomba nani? Kijisanduku husema "Karibu katika tovuti yetu", na kwa neno hilo msomaji amefanywa mgeni, naye mgeni hafuati ila taratibu za mwenyeji. Lakini kidakuzi hakikai katika tovuti. Kinakaa ndani ya simu ya msomaji. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2002 juu ya faragha ya mawasiliano uliliona jambo hilo barabara: ulisema kifaa cha mtumiaji na yaliyomo ndani yake ni sehemu ya maisha yake ya faragha, na marekebisho ya mwaka 2009 yakataka ridhaa kabla ya kuweka au kusoma chochote humo, isipokuwa kile kisichoepukika kwa huduma aliyoiomba. Kwa hiyo msomaji ndiye mwenye nyumba. Tovuti ndiyo iliyosimama kizingitini, nayo ndiyo ipaswayo kupiga hodi.

Nasi tunajua hodi ni nini. Mtu hupiga hodi mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Asipoitikiwa hurudi alikotoka. Hakuna aliyefundishwa na wazee wake kwamba kimya cha wenye nyumba ni karibu. Jambo ambalo kila mtoto wa pwani alilijua lilipelekwa mbele ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya na kuamuliwa tarehe 1 Oktoba 2019. Kampuni ya Kijerumani iitwayo Planet49 ilikuwa imeendesha bahati nasibu mtandaoni, na katika ukurasa wake palikuwa na kisanduku cha kukubali vidakuzi kilichokwisha kutiwa alama ya vema. Asiyetaka ilimbidi aiondoe mwenyewe. Mahakama ilisema kwamba hiyo si ridhaa, maana ridhaa yataka tendo la mtu, si kuacha kwake kutenda. Kanuni ya Ulinzi wa Data ya Umoja huo, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, ilikuwa imekwisha kueleza kwamba ridhaa iwe ya hiari, ya jambo mahususi, yenye kujua, na isiyo na shaka. Lakini tusijisifu kupita kiasi. Ridhaa ni neno la ndoa vilevile, na katika fikihi inayofuatwa pwani kimya cha mwari kimehesabiwa kuwa ridhaa yake. Neno letu limebeba mapokeo yote mawili. Ndiyo maana haitoshi kuandika "kwa ridhaa yako"; yapasa waraka useme ridhaa hiyo itajulikana kwa tendo gani.

Mtu atauliza haya yatuhusu nini sisi tulio mbali na Luxembourg. Yatuhusu kwa sababu nyaraka nyingi za Kiswahili tulizozisoma hazikuandikwa kwa Kiswahili. Zimetafsiriwa kutoka vielelezo vilivyoandikwa kwa ajili ya sheria hizo za Ulaya, mara nyingi kwa mashine, na sheria imebaki upande wa pili wa bahari. Sentensi inayotusumbua kuliko zote ni hii, nayo iko kila mahali: "Tunatumia vidakuzi ili kuboresha uzoefu wako." Uzoefu ni kitu alicho nacho fundi baada ya miaka mingi, au dereva anayeomba kazi. Vidakuzi haviwezi kuuboresha. Mtafsiri ameona neno la Kiingereza lenye maana mbili akachukua isiyohusika, na matokeo yake ni sentensi isiyokuwa na maana yoyote katika Kiswahili, ambayo watu huibonyezea ridhaa kila siku. Mwandishi aliyeijua kazi ya kidakuzi chake angeandika hivi: "Tukipata ridhaa yako tutaweka katika simu yako kidakuzi kinachokumbuka lugha uliyoichagua. Kitafutika baada ya siku 30. Hakisomwi na kampuni nyingine." Maneno hayo hayafiki thelathini. Na kama kampuni nyingine inakisoma, basi aseme ni ipi, wala asijifiche nyuma ya "washirika wetu". Mshirika kwetu ni mtu mliyechanga naye mtaji au kazi; hatujaona ushirika wa watu mia nne wasiofahamiana.

Urefu nao ni namna ya kuficha. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Aleecia McDonald na Lorrie Cranor, walikadiria mwaka 2008 kwamba Mmarekani mmoja angetaka kuzisoma sera za faragha za tovuti zote anazozitembelea, angetumia saa 200 hivi kwa mwaka. Hiyo ni lugha yake mwenyewe. Hatuhitaji kuuliza itakuwaje kwa mkulima anayesoma, kwa simu ndogo, Kiswahili kilichotoka mashinenı.

Tumalizie kwa vitufe, ambavyo wahariri wengi hawavitazami kabisa. Juu ya kijisanduku pameandikwa vidakuzi, na chini yake kitufe kimeandikwa "Kubali zote". Zote zipi? Vidakuzi ni vya ngeli ya ki-vi, navyo hukubaliwa vyote. Zote ni za kuki. Mtafsiri alipewa orodha ya maneno yaliyokatwakatwa, hakuonyeshwa nomino, na kosa la upatanisho wa kisarufi limetuonyesha jinsi kazi nzima ilivyofanywa. Kitufe cha kukataa mara nyingi hakipo. Kimefichwa nyuma ya "Mipangilio", katika ukurasa wa pili au wa tatu. Mamlaka ya ulinzi wa data ya Ufaransa ilitangaza mwezi Januari 2022 kwamba imewatoza faini Google euro milioni 150 na Facebook euro milioni 60, kwa sababu katika tovuti zao kukataa kulikuwa na hatua nyingi kuliko kukubali. Sisi twapendekeza vitufe vitatu vya ukubwa mmoja, vikae pamoja katika ukurasa wa kwanza: "Naridhia vyote", "Nakataa vyote", na "Nitachagua".